Kwa Nini Mtu Alipe Ada Ili Apige Makasia?

Maswali ya Wasomaji

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya mashua nyembamba yenye wapiga makasia wanne na mshika usukani mmoja, na chini yake tukaandika maneno machache tu, kwamba hao ni wanachama wa klabu ya makasia ya baharini katika pwani ya magharibi ya Wales, wakirejea kutoka matembezi ya Jumapili. Hatukudhani kwamba picha hiyo ingeleta barua nyingi, lakini zimekuja, na nyingi zimetoka Kisumu na fuo nyingine za Ziwa Victoria, ambako kasia ni chombo cha kazi na hakuna anayehitaji kufundishwa jina lake. Nimepewa mimi jukumu la kuzijibu kwa sababu niliishi miaka miwili katika mji mdogo wa Ghuba ya Cardigan nikisoma, na katika miaka hiyo nilikuwa mwanachama wa klabu ya namna hiyo, mwenye bidii zaidi kuliko ustadi.

*Mpendwa Mhariri, binti yangu ni muuguzi katika mji wa pwani huko Wales. Mwaka huu amejiunga na klabu ya makasia, na kila wiki hunitumia picha akiwa amelowa chepechepe, anacheka. Anasema hulipa ada ya uanachama. Marehemu baba yake alipiga makasia miaka 30 kutoka Dunga akitafuta mbuta na omena, na ndoto yake ilikuwa kwamba siku moja anunue injini ili asishike kasia tena. Sasa mtoto wake analipa pesa ili alishike. Hii ni klabu ya namna gani, na je, niwe na wasiwasi? — Mama, Nyalenda, Kisumu*

Mama, barua yako imenichekesha, kisha ikaninyamazisha, kwa maana baba yangu mdogo alikuwa na ndoto hiyohiyo ya injini, naye hakuipata.

Klabu kama ya binti yako zimetapakaa katika miji midogo ya bandari ya pwani ile: Aberystwyth, Aberaeron, Aberdyfi, Barmouth na mingineyo, kusini na kaskazini. Mashua wanayoitumia zaidi huitwa Celtic longboat. Ni ya faiba, ina urefu wa zaidi ya mita 7, na hubeba watu watano. Wanne huvuta, kila mmoja akiwa na kasia moja analolishika kwa mikono miwili, na wa tano hukaa nyuma, tezini, akishika usukani. Viti vyake havisogei kama vile vya mashua za mashindano tunazoziona katika Olimpiki, kwa hiyo nguvu hutoka mgongoni na katika miguu inayosukuma ubao, karibu sawa na vile mumeo alivyokuwa akifanya ndani ya sese, ile mashua ya mbao ya wavuvi wa ziwani. Ukimtazama binti yako akivuta, bila shaka utamtambua baba yake mabegani.

Watu wengi wakisikia neno klabu hufikiria mashindano, na mashindano yapo, nitayaeleza hapa chini. Hata hivyo, mashindano ni siku chache za majira ya joto. Kinachoishikilia klabu mwaka mzima ni yale matembezi, na matembezi hayo yana utaratibu wake ambao mgeni huhitaji muda kuuelewa. Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba saa ya kukutana haikuwa imara. Jumapili moja tulikutana saa mbili asubuhi, na Jumapili iliyofuata karibu saa nane mchana, nami nikadhani katibu wa klabu ni mtu asiyejipanga, mpaka mzee mmoja akanionyesha kijitabu cha majedwali ya maji. Bahari hujaa na kupwa kila siku kwa kuchelewa kama dakika 50 kuliko siku iliyotangulia, na katika bandari ndogo kama ya Aberaeron maji yakipwa mashua hubaki zimelala juu ya matope. Maji ndiyo yaliyokuwa yakipanga ratiba, na katibu alikuwa mpiga chapa wao tu.

Basi mnakutana. Trela huteremshwa polepole penye mteremko wa saruji uliojaa mwani unaoteleza, watu sita au saba wakiishikilia mashua pembeni, na wale wa mbele tayari wameingia majini hadi magotini. Mnapanda mmoja mmoja. Wapiga makasia huketi wakiutazama mji wanaouacha, kila mmoja akiona mgongo wa mwenzake, na ni mshika usukani pekee, ambaye kuanzia hapa nitamwita nahodha, anayeona mashua inakokwenda. Hilo peke yake ni somo kubwa kwa mtu mzima aliyezoea kujiamulia. Siku yangu ya kwanza nililitumbukiza kasia vibaya, ulimi wake ukakwama majini, na mpini ukanirudia kifuani kwa nguvu hadi nikaanguka chali mapajani mwa mtu wa nyuma yangu. Wenyewe husema umenasa kaa. Nilinasa kaa wanne kabla hatujatoka bandarini.

Safari huwa ya saa moja, au mbili, hadi kijighuba chenye kokoto. Mashua huvutwa ufuoni, chupa za chai hufunguliwa, na kila mtu hutoa alichobeba: keki ndogo bapa zinazookwa juu ya kikaango cha chuma, zenye zabibu kavu, au ule mkate mzito uitwao bara brith, maana yake mkate wa madoadoa. Wengine huzungumza Kiwelisi, wakageukia Kiingereza wakikumbuka kwamba upo. Mara mbili tulipokuwa tukirudi tulifuatwa na pomboo, ambao ni wakazi wa ghuba ile, na nahodha akaamuru makasia yatulie. Viganja vyangu vilikuwa na malengelenge saba. Niliyahesabu.

Sasa, kwa nini alipe? Ada hununua makasia, bima, rangi na matengenezo, kwa kuwa mashua ni mali ya klabu na wala si ya mtu. Lakini nadhani unauliza zaidi ya hapo. Mashua ile haiondoki ikiwa na wapiga makasia watatu. Binti yako asipofika, wengine wanne husimama ufuoni wakitazamana, na kwa hiyo mtu atampigia simu: uko wapi, u mzima? Kwa muuguzi anayefanya zamu za usiku katika nchi ya kigeni, ambako jirani anaweza kupita mlangoni pake mwaka mzima akisema habari za mvua tu, simu hiyo ina thamani kuliko ada anayoitoa. Mumeo alikuwa na watu wa kumngoja ufuoni bila kulipa. Binti yako huko ilibidi awatafute.

Kuhusu wasiwasi, uwe nao kidogo, ule wenye faida. Hatari kubwa kule ni baridi ya maji. Mwezi wa Februari na Machi bahari ile hushuka hadi nyuzi 8 hivi, na hata mwezi wa Agosti haipandi sana kupita nyuzi 17, ilhali ziwa letu hukaa karibu na nyuzi 25. Mtu akitumbukia ghafla katika maji ya namna hiyo, mwili humlazimisha kuvuta pumzi kwa nguvu bila hiari yake, na kama kinywa kiko chini ya maji ndipo balaa hutokea, hata kama ni mwogeleaji hodari. Kwa hiyo muulize kama huvaa jaketi la kuokolea maisha hata siku ambayo bahari imetulia kama uji kwenye sahani, kama mashuani kuna redio ya majini, na kama kuna mtu wa nchi kavu anayejua wametoka saa ngapi na watarudi saa ngapi. Akikujibu bila kusitasita, lala usingizi.

*Mhariri, nafundisha jiografia. Nimesikia kwamba klabu hizo za Wales huvuka bahari kwa makasia kutoka Ireland. Wanafunzi wangu hawaamini, na mimi nashindwa kueleza jinsi nahodha anavyoweza kushika njia usiku katika maji yanayokwenda huku na huku. Hapa Mbita hatuna kupwa wala kujaa. — Mwalimu, Mbita*

Waambie waamini, Mwalimu. Mashindano hayo huitwa Celtic Challenge, hufanyika kila baada ya miaka miwili mwanzoni mwa Mei, hali ya hewa ikiruhusu, na njia yake hutoka Arklow, mashariki ya Ireland, hadi Aberystwyth. Umbali ni karibu kilomita 145. Ukitaka wanafunzi wako wauhisi umbali huo miguuni, waambie watoke hapo Mbita kwa kasia hadi Kisumu, wageuze bila kushuka, na warudi.

Kila kikosi kina watu 12, lakini mashuani huvuta wanne kwa wakati mmoja. Wengine hufuata kwa chombo cha kuwasindikiza, wakila, wakitapika, wakijaribu kulala, hadi zamu yao ifike. Hapo boti ndogo ya mpira huwaleta ubavuni mwa mashua, na watu hubadilishana katikati ya mawimbi, gizani, mmoja akiingia huku mwingine akitoka. Walionisimulia walisema kwamba kuvuta kasia ndiyo sehemu rahisi ya usiku ule.

Sasa tuje kwenye mkondo, kwa sababu swali lako ni zuri na Kiswahili kina maneno yake tangu zamani. Watu wa Lamu na Mombasa husema maji yanajaa na yanapwa, na husema bamvua kwa yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na maji mafu kwa yale madogo ya katikati. Ziwa letu nalo huvutwa na mwezi, ila kwa sentimita chache ambazo upepo wa alasiri huzifuta kabla mtu hajaziona. Kule Wales hali ni tofauti kabisa. Penye Ghuba ya Cardigan tofauti ya maji wakati wa bamvua ni mita 4 na zaidi, na upande wa kusini, katika mlango wa mto Severn, inaweza kukaribia mita 14, ambayo ni miongoni mwa tofauti kubwa kabisa duniani. Maji mengi namna hiyo hayawezi kupanda na kushuka mahali pamoja. Lazima yatoke mahali na yaende mahali, na kati ya Ireland na Wales huelekea kaskazini kwa kama saa 6, kisha yakageuka na kuelekea kusini kwa kama saa 6 nyingine.

Mtu anayevuka mto Nzoia uliofurika huelekeza mtumbwi juu kidogo ili mkondo umshushe pale anapotaka kufika. Wanafunzi wako watasema nahodha afanye hivyohivyo baharini, na watakuwa wamekosea, na hapo ndipo somo lako litakapopata utamu. Chukulia kwamba mashua inakwenda kilomita 8 kwa saa. Itahitaji saa 18 kuvuka, na katika saa hizo mkondo utakuwa umeelekea kaskazini, ukarudi kusini, ukaelekea kaskazini tena. Ukiwa na wastani wa kilomita 2 kwa saa, utaisogeza mashua kilomita 12 pembeni, kisha utairudisha kilomita hizo 12 bila malipo, kisha utaisogeza tena. Nahodha anayepigana na mkondo kila saa ili abaki juu ya mstari ulionyooka huzitupa bure nguvu za watu wake. Aliye makini hukadiria jumla ya safari nzima, ambayo hapa ni kilomita 12 tu za kusawazisha, hushika dira upande mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na kuiacha mashua ichore nyoka juu ya ramani. Wape wanafunzi kalamu na karatasi ya miraba, wachore wenyewe. Yule atakayekuuliza itakuwaje mashua ikienda kilomita 12 kwa saa, mpe alama ya ziada, kwa kuwa jibu lake ni tofauti.

Mimi sikuwahi kuvuka. Mwaka mmoja nilisimama gatini Aberystwyth nikiwapokea. Nilimpa mama mmoja wa makamo kikombe cha chai, naye akashindwa kukishika, kwani vidole vyake vilikuwa vimekunjika kwa ukubwa wa mpini wa kasia na havikuweza kufunguka. Alinywea chai mikononi mwangu kama mtoto, huku akinieleza kwamba hatarudia tena maisha yake yote. Wenzake wakacheka, maana alikuwa amesema hivyo miaka miwili iliyopita.

*Kaka Mhariri, sisi vijana wa Dunga tunavuta makasia kila siku ya Mungu. Katika mashindano ya kawaida ya hao watu wa Wales, mshindi hupatikanaje? Na je, mtu anaweza kutoka katika mchezo huu akafika Olimpiki? — Kijana, Dunga*

Siku ya mashindano klabu moja huwa mwenyeji, na nyingine huja zikivuta mashua zao kwa trela. Mbio hupangwa kwa makundi: vijana, wanawake, wanaume, mchanganyiko, na wakongwe, ambao usiwadharau kwa sababu ya mvi. Kwa kuwa mashua ni za umbo moja, hakuna kusingizia chombo. Njia huenda baharini kuzunguka maboya na kurudi, na katika maboya hayo ndiko mbio nyingi huamuliwa. Usukani peke yake hautoshi kugeuza mashua ya mita 7. Nahodha huamuru upande mmoja uzuie maji kwa ulimi wa kasia na upande wa pili uvute kwa nguvu zote, na amri ikichelewa kwa mapigo mawili tu, mashua mbili zilizokuwa nyuma zitakupita upande wa ndani.

Nalijua hilo kwa aibu. Niliporudi nyumbani nikiwa najiona bingwa, niliwashawishi rafiki zangu watatu na binamu yangu tushindane na wavuvi wa omena katika Ghuba la Winam, kirafiki, kuzunguka boya moja. Mimi nilikuwa nahodha. Nililikaribia boya mno nikitaka kuokoa mita chache, nikasahau kwamba upepo wa alasiri hutoka ziwani kuelekea mjini, na tulipogeuka ukatusukuma ubavu hadi ndani ya kisiwa cha gugu maji kilichokuwa kikielea hapo kwa utulivu kama kilichotungoja. Tulikaa humo dakika 20 tukiyang'oa mizizi kwenye makasia. Wavuvi walimaliza, wakarudi kututazama, na mmoja akauliza kwa adabu kama hivyo ndivyo wanavyogeuza huko Ulaya.

Yapo pia mashindano ambayo klabu za Wales huyafuata mbali. Maarufu ni Great River Race ya London, iliyoanza mwaka 1988, ya karibu kilomita 35 juu ya mto Thames kutoka upande wa bandari za zamani hadi Richmond. Utaratibu wake ungewafurahisha watu wa Dunga. Mashua za polepole huondoshwa kwanza na za kasi mwisho, ili zote zikaribiane mwishoni, na kila mashua lazima ibebe abiria mmoja asiyepiga kasia. Kwa maoni yangu abiria huyo ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote, kwa sababu kila mtu humtuma.

Kuhusu Olimpiki, jibu ni ndiyo, ila kwa kukata kona. Aina moja ya makasia ya pwani, ambayo mbio zake huanzia mchangani, itaingia katika Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 2028 huko Los Angeles. Mshindani hukimbia ufuoni, huruka ndani ya mashua inayoshikiliwa na wasaidizi, huyapita maboya kwa kupinda huku na huku hadi mita 250, hugeuka, hurudi moja kwa moja, kisha huruka nje na kukimbilia mstari wa mwisho. Mwaka 2022 mashindano ya dunia ya makasia ya pwani, pamoja na fainali za mbio hizo za mchangani, yalifanyika palepale Wales, katika mji mdogo wa Saundersfoot, kwa hiyo wenyeji wa klabu za mashua ndefu waliyaona mlangoni pao.

Lakini usidanganyike, mdogo wangu. Katika mbio hizo kila mpiga makasia hushika makasia mawili mafupi, na kiti chake husogea mbele na nyuma. Nguvu mnazo, mizani mnayo, na kuruka ndani ya chombo kinachoyumba hamhitaji mwalimu. Kinachokosekana ni chombo chenyewe na mtu wa kuwafundisha kulegeza mabega, maana mvuvi huvuta ili afike na arudi na mzigo, naye mshindani huvuta ili aishiwe nguvu kabisa pale kwenye mstari. Ni tabia mbili tofauti za mwili mmoja.

*Je, sisi wa Nakuru tunaweza kuwa na klabu ya makasia, au ni mambo ya watu wa Kisumu peke yao? — Msomaji, Nakuru*

Ziwa Nakuru limo ndani ya hifadhi ya taifa, kwa hiyo lisahau. Nendeni Naivasha. Maji yake hayana chumvi, na asubuhi huwa tulivu kabla upepo wa mchana haujaamka. Kikwazo ni viboko, ambao usiku hutoka kula nyasi na alfajiri hurudi majini. Mashua inayopita karibu na matete wakati huo huwa imejiweka kati ya mnyama na nyumba yake, na hajali kama mnafanya mazoezi. Ngojeni jua lipande, kaeni mbali na matete, na mchukueni mvuvi wa hapo awe nahodha wenu wa kwanza.

*Sisi ni kikundi cha vijana 16. Tumefanya mchango, na tunataka kuanzisha klabu ya makasia yenye mashindano na matembezi kama ile ya pichani. Wenzangu wanataka tuanze kwa kununua jezi na kikombe cha ubingwa. Unatushauri nini? — Katibu wa kikundi, Port Victoria, Busia*

Katibu, ficha pesa hizo mpaka usome jibu hili.

Klabu niliyoijua mimi haikuwa na kikombe chochote cha maana. Ilikuwa na kabati la vioo lenye picha zilizofifia na ngao mbili za mbao, moja ikiwa imepasuka. Ilichokuwa nacho ni manahodha saba. Hilo ndilo jambo ambalo mgeni halioni, na kama kuna neno moja ningependa ulipeleke kwa wenzako, ni hilo. Wapiga makasia wanaweza kufundishwa kwa mwezi mmoja wakawa watu wa kufaa. Nahodha huhitaji misimu kadhaa, na klabu yenye nahodha mmoja hufa siku anapopata kazi Nairobi. Chagueni wanne kati yenu wenye macho ya kutazama mbali na vinywa visivyopenda ugomvi, na muwaweke chini ya wazee wa ufuo wenu wawafundishe mawingu, upepo na miamba. Mashuani neno la nahodha lisijadiliwe, hata kama anayevuta kasia la mbele ni mwenyekiti wa kikundi. Nimewahi kumwona fundi bomba akimwamuru profesa anyamaze, na profesa akanyamaza hadi nchi kavu.

Anzeni na matembezi, kisha mashindano yaje yenyewe. Mashindano huwachuja watu: kati ya 16, wanne watashinda, wanne watakuwa wa akiba, na wanane watakuwa watazamaji, kisha kufikia mwezi wa tatu watazamaji watakuwa wameacha kutoa mchango. Matembezi yana nafasi kwa wote. Mwendeni ufuo wa jirani, mle samaki, mrudi. Anayejua kuimba aimbe, anayejua hesabu ashike daftari la mweka hazina, na asiyepatana na maji abaki kwenye zamu ya ufuoni, akiandika katika daftari waliotoka ni nani na watarudi lini. Kule Wales mzee mmoja mwenye goti bovu alifanya kazi hiyo tu, kila Jumapili, na hakuna aliyethubutu kuondoka kabla hajaandikwa jina.

Ziwa lenu lina masharti yake, nanyi mnayajua kuliko mimi, ila vijana hupenda kuyasahau wakiwa wengi. Upepo wa asubuhi hukusukuma nje na wa alasiri hukurudisha kwa fujo, na dhoruba za jioni hazipigi hodi. Tokeni mapema, mrudi kabla ya saa sita. Waarifuni viongozi wa BMU, yaani kamati ya usimamizi wa ufuo wenu, kabla hamjatia chombo majini, ili siku ya shida wawe wanawajua. Kichocho nacho kipo katika maji ya kina kifupi yenye konokono na majani, na kwa kuwa wanachama wa klabu ya makasia husukuma mashua wakiwa wamesimama majini hadi magotini kila wiki, jipangeni kupimwa kliniki mara kwa mara.

Pesa zenu, basi, zinunue majaketi ya kuokolea maisha kwa kila atakayekaa mashuani, pamoja na nahodha, kabla ya kitu kingine chochote. Mashua mnaweza kukodi sese ya wavuvi siku ambazo haitoki, kwa makubaliano yaliyoandikwa kuhusu nani atalipia ubao ukivunjika. Kisha mchongeshe makasia kwa fundi anayejua kazi yake, yenye uzito ulio sawa, kwa kuwa mashua yenye kasia moja zito huzunguka kama ng'ombe aliyefungwa kwenye mti. Yawe matano. La tano lilazwe chini ya viti, lifungwe kwa kamba, na lisiguswe mpaka siku moja kati ya yale manne litakapovunjika mkiwa mbali na ufuo.